Saluti ya Mlingoti

Fundi seremala wa mtaa ule hakuwa mwongo. Mwenyewe alilisema hilo kila siku, na mtu akilazimika kulisema jambo kila siku, mimi simo. Tuseme alikuwa mtu wa kuongezea. Ukimpelekea kiti chenye mguu mbovu, alikurudishia kiti kizima pamoja na historia yake: nani alikikalia, alianguka vipi, na jinsi kishindo kilivyowafanya kuku wa nyumba ya tatu waache kutaga wiki nzima. Ndiyo maana watu wazima walimwita Chumvi, watoto wakamwita Babu Chumvi, naye akaitika kotekote.

Karakana yake ilitazamana na lango la shule ya msingi, barabara tu ikiwa katikati. Alikuwa amestaafu mara mbili. Mara ya kwanza miguu ilimleta karakanani asubuhi iliyofuata kabla kichwa hakijakumbuka. Mara ya pili binti yake, nesi asiye na mchezo, alimficha ufunguo. Mzee akafungua bawaba kwa bisibisi, akaubandua mlango, akaingia, akaurudishia mahali pake na kuanza kazi. Binti alipomkuta anapiga randa alinyoosha mikono juu, na tangu hapo habari ya kustaafu haikuzungumzwa tena nyumbani.

Lakini tukubaliane, si mbao zilizomrudisha pale. Ni ule uwanja wa shule. Alisoma pale, zamani za wino wa kuchovya, wakati viatu vilivaliwa langoni asubuhi na kuvuliwa langoni jioni ili visiishe upesi. Kengele ilipolia, hata akiwa na msumeno mkononi, kuna kitu ndani yake kilichokimbilia mstarini.

Saa nne, wakati wa mapumziko, watoto walivuka barabara kuja kuokota maranda, yale mabaki membamba yanayojikunja randa ikipita juu ya ubao. Wasichana waliyafanya hereni, wavulana masharubu. Kisha walikaa juu ya magogo na kudai kisa. Na kisa kilichodaiwa kuliko vyote kilikuwa cha Mlingoti.

"Enzi zetu," Babu Chumvi alianza, akipuliza vumbi kwenye miwani, "tulisoma na msichana mrefu. Nikisema mrefu, msinielewe kwa akili zenu ndogo. Kichwa chake kikiamka alfajiri, miguu inapata habari saa sita mchana."

"Uongo!"

"Haki ya mbao hizi! Mvua ikitaka kunyesha tunamuuliza yeye, maana kule kwake inafika nusu saa mapema. Basi siku moja, tuko mstarini, kamba ya bendera ikakatika. Mwalimu mkuu anahangaika, ngazi hakuna. Akatoka mtoto mmoja, mdogo, lakini mtundu huyo! Akasimama mbele ya yule msichana, akabana visigino, twa! Saluti! Halafu akaanza kuvuta kamba ya hewa, hivi, polepole, anampandishia bendera kichwani."

Hapo mzee alisimama. Alibana visigino, akaweka mkono kwenye paji la uso, kisha akavuta kamba isiyokuwepo huku akitoa kwa mdomo mlio wa kapi, kile kigurudumu cha juu kinachopitisha kamba: "Kwii, kwii, kwii." Huo mlio aliuongeza mwaka uliopita tu, na ulikubalika sana. Watoto wote walisimama naye, saluti, kamba, kwii kwii kwii, na karakana ikatikisika kwa vicheko.

"Shule nzima ikapiga saluti, walimu kwa wanafunzi. Ndege wakatua. Mnabisha? Mlingoti wa shule wa enzi hizo si ule pale!"

Kweli, ulikuwa pale. Shule ilipoweka mlingoti wa chuma, ule wa mti alipewa yeye, akaulaza juu, kutoka ukuta hadi ukuta, akautundikia misumeno. Watoto waliutazama kama watu wanaotazama ushahidi mahakamani.

"Na yule mtoto mtundu, Babu, alikuwa nani?" aliuliza kijana mmoja wa darasa la tano, mfupi kuliko wenzake wote lakini mwenye sauti ya kusikika mitaa miwili, wakamwita Spika.

"Ah," mzee akavaa miwani yake. "Siku nyingi hizo. Nimesahau."

*

Mzee aliishi na binti yake nesi na mjukuu mmoja wa kike, miaka kumi na moja. Mtoto alirithi jina la mama mzazi wa Chumvi, kwa hiyo babu alimwita Mama, naye mtoto, tangu alipojua kusema, alimwita babu yake Mwanangu. "Mwanangu, umenawa mikono?" "Nimenawa, Mama." Wageni walicheka, wao walishazoea.

Mwaka huo, baada ya likizo ndefu, Mama alirudi shuleni akiwa amewapita wenzake kwa kichwa kizima. Gauni la sare lililofika chini ya magoti mwaka jana sasa lilikuwa linayatazama magoti kwa mbali. Zamani alikuwa wa kwanza kuvuka barabara saa nne na kukaa gogo la mbele. Mwaka huo akaacha kuja. Chumvi alijisemea, anakua, ameanza kuona haya kukaa na vitoto. Hakuuliza.

Jioni moja mtoto alisimama mlangoni mwa karakana, kichwa kimezama mabegani kama kobe aliyesikia mvua.

"Mwanangu, nina kazi nataka unifanyie."

"Sema, Mama."

"Dawati langu. Likate miguu."

"Limekukosea nini?"

"Ni refu."

"Dawati ni refu, au ni wewe..." Akauona uso wake, akaimalizia sentensi kwa kikohozi.

Basi alifanya nini? Alifanya alichokijua. Mtu mwenye msumeno mkononi huona dunia nzima imezidi urefu. Jumamosi mlinzi wa shule alimfungulia darasa, kama alivyomfungulia kila alipokuja kutengeneza madawati, naye akapima kwa penseli, akakata vidole vinne kila mguu, akapiga msasa. Kazi safi. Aliondoka akipiga mluzi, hajiulizi hata kidogo kwa nini mtoto anataka kuonekana mfupi.

Jumatatu ile mjukuu alirudi, akasema, "Asante, Mwanangu, limekaa vizuri," akaingia chumbani. Hakula. Jumatano tumbo lilimuuma. Alhamisi kichwa. Mama yake, ambaye kazini kwake aliwaona wagonjwa wa kweli na wa uongo kwa zamu moja, alimpima joto, akamtazama ulimi, akakaa kitandani kando yake.

"Tumbo halina kitu. Sema."

"Nataka kuacha shule. Niwe seremala na babu. Pale ndani hakuna anayenitazama."

Usiku huo nesi hakubembeleza mtu. Alimwambia baba yake mezani, huku akikunja gauni lake la kazi: "Haniambii, na wewe hujui. Mwisho wa mwezi asipokuwa sawa, nampeleka bweni, shule ya mbali. Nimeshaulizia. Kesho mpeleke kwa Bi Cherehani apimwe sare, ikiwa ya hapa au ya huko, kitambaa ni kile kile."

Chumvi alitafuta la kuchekesha kinywani mwake mote, asilipate. Bweni! Nani angemuuliza kama amenawa?

*

Bi Cherehani alishona sare za shule kwenye chumba kimoja cha mbele, chenye kioo kirefu, meza ya kukatia na cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Alikuwa mama mzee mwenye mgongo uliopinda kama kishikio cha mwavuli. Yeye na Chumvi walisoma darasa moja. Na kwa kuwa tumeshafika hapa, niseme tu: Mlingoti wa kile kisa ni yeye. Chumvi hakuwahi kumtaja kwa watoto, lakini pia hakuwahi kuona kuna la kuficha. Alikuwa na hakika kwamba hata mwenyewe alikipenda kisa kile, maana alikumbuka vizuri sana kwamba siku ile, saluti zilipopigwa, naye alicheka.

"Karibu, Fundi."

"Starehe, Fundi. Nimekuletea ngazi, ishonee shuka."

Utani wake wa kawaida. Mjukuu akainama zaidi. Bi Cherehani hakucheka. Alikuwa ameshabana pini midomoni. Akachukua futi ya kitambaa, akamsimamisha mtoto mbele ya kioo.

"Simama wima, mwanangu."

"Nimesimama, bibi."

"Umesimama kama alama ya kuuliza." Akatoa pini moja moja mdomoni, akazichomeka kwenye mto wake mdogo, zote, mpaka mdomo ukawa mtupu. "Haya. Nani anakufanya hivi?"

Bi Cherehani akangoja, na alijua kungoja yule mama. Mwishowe mtoto akasema kwa sauti ya chini, akiongea na kioo:

"Wananipigia saluti."

Futi ikasimama.

"Wanafanyaje?"

Na pale mbele ya kioo mtoto akabana visigino, akaweka mkono kwenye paji la uso, kisha akavuta kamba ya hewa, polepole. "Halafu wanasema kwii, kwii, kwii. Kila asubuhi. Nikiingia darasani wanasimama wote. Nilimwomba babu akate dawati, likawa fupi, magoti yakagonga ubao, na jirani yangu alivyo mfupi akapotea kabisa. Mwalimu akamwandika hayupo. Spika akasema mlingoti umechimbiwa shimo. Sasa wanapiga saluti wakiwa wamechuchumaa."

Chumvi alikuwa amekaa kwenye stuli. Saluti angeweza kuikana. Watoto wote duniani hupiga saluti. Kamba pia angeweza kuikana, kwa shida. Lakini lile kwii! Lile alilibuni yeye mwaka jana, akiwa ameketi karakanani, akitafuta kitu cha kukikoleza kisa.

"Nenda duka la pembeni, mwanangu," Bi Cherehani alisema. "Waambie wanipe chaki ya kushonea. Ya bluu. Wakikosa, wasubiri waitafute."

Mtoto akatoka. Bi Cherehani akavuta kiti, akakaa, akamtazama mzee usoni.

"Kisoda," alisema.

Miaka sitini jina hilo lilikuwa halijatamkwa. Aliyebaki hai wa kulijua jina lile alikuwa mmoja tu, na ndiye huyu. Chumvi alihisi suruali yake inageuka kaptula.

"Dada, hilo jina..."

"Ulikuwa mdogo kama kizibo cha chupa ya soda. Walikuwa wanakulaza chini na kukubingirisha waone utafika wapi. Nakumbuka. Au na hilo umelisahau?"

"Ilikuwa michezo ya kitoto. Na ile yako pia, dada, haki ya Mungu, wewe mwenyewe ulicheka. Nilikuona."

"Nilionyesha meno. Ulitaka nionyeshe nini?"

Mzee akatafuta pa kupumzisha macho, akayapumzisha kwenye cherehani. "Mimi siku zote nilijua ni hii iliyokukunja mgongo. Nilikuwa nakutania, uhamie useremala."

"Hii?" Bi Cherehani akaipapasa cherehani yake kama mtu anayemtetea mbuzi aliyesingiziwa. "Hii nimeikuta nikiwa nimeshajikunja. Nilianza darasa la tano. Nikasema nitajikunja kidogo, wasahau, kisha nitanyooka. Walipokaribia kusahau, mgongo ukawa umeshazoea. Na wewe ukaja kufungua karakana mbele ya shule, ukaanza kuwakumbusha."

"Umejuaje?"

"Watoto wa mtaa mzima nawapima mimi, Fundi! Nampima mtu kiuno, yeye ananisimulia Mlingoti wa Babu Chumvi. Ndege wametua. Miguu imepata habari saa sita. Na mimi nina pini mdomoni, nitamjibu nini?"

"Ungeniambia."

"Ungetia chumvi."

*

Waliporudi nyumbani mzee alitembea nyuma ya mjukuu wake, na kwa mara ya kwanza akautazama ule mgongo mdogo unavyojikunja kila mtu akipita. Jioni nzima akakaa uani, randa hakushika, akairudia ile siku. Aliirudia bila kuikoleza, jambo ambalo lilimpa tabu, kama mtu anayejaribu kuandika kwa mkono wa kushoto.

Aliyapenda sana yale maisha ya shule, ndiyo balaa lake. Alipenda vumbi la chaki lililoelea kwenye mwanga wa dirisha, kikombe cha bati kilichofungwa kiunoni kwa kamba, majembe yaliyopangwa kwa ukubwa kwenye stoo, mwalimu wa hesabu aliyelala akiwa amefungua macho. Kila alipoukumbuka uwanja ule aliukuta umejaa jua na kicheko, naye yuko katikati. Sasa akautafuta ukweli wa ile asubuhi, akaukuta nyuma ya stoo ya majembe.

Kamba haikukatika. Mwalimu hakuwepo hata mmoja. Shule nzima ilikuwa watoto saba. Saba hao walikuwa wamemlaza chini yeye, Kisoda, wanataka kumbingirisha hadi kwenye mtaro, na mchanga ulikuwa umeshamwingia masikioni. Ndipo akamwona yule msichana anapita na ndoo ya kumwagilia bustani, mrefu, anaimba peke yake. Akapiga kelele kutoka pale chini: "Bendera! Bendera inapita!" Akaruka, akabana visigino, akapiga saluti. Wale saba wakaangua kicheko, wakamwacha, wakageukia upande mwingine. Msichana alionyesha meno. Ndoo ilikuwa inamwagikia miguu yake, naye haoni.

Tangu siku ile hakuna aliyemwita tena Kisoda. Alipata marafiki saba.

*

Asubuhi, kabla Bi Cherehani hajafungua dirisha, Chumvi alikuwa mlangoni, kofia mkononi.

"Kimepungua nini?" mama yule akauliza.

"Nataka ruhusa yako. Kile kisa nikisimulie upya. Kilivyokuwa."

Bi Cherehani akafungua dirisha kwanza, akafuta meza, akatia uzi kwenye sindano kwa mara moja bila miwani. Kisha akasema: "Kisimulie. Usitie chumvi. Na usinifanye malaika vile vile. Mwaka uliofuata nilimmwagia mtoto mmoja wino kwenye daftari bila kosa. Na jina langu usilitaje. Hao watoto wanakuja hapa kupimwa, nataka wanione fundi."

"Sawa, dada."

"Na wewe jina lako?"

Mzee akavaa kofia yake. "Langu nitalitaja."

Jumatatu iliyofuata mjukuu alikuwa anaumwa tumbo lake lile lile. Mama yake akiwa zamu, mtoto akaletwa karakanani, akajipenyeza nyuma ya mbao zilizosimamishwa ukutani, mahali ambapo hakuna wa kumwona. Saa nne kengele ikalia. Watoto wakavuka.

"Mlingoti! Mlingoti!"

"Kaeni," alisema Babu Chumvi. Hakufuta miwani. "Enzi zetu tulisoma na msichana mrefu."

"Mrefu kiasi gani, Babu?"

"Alimzidi mwalimu wa hesabu vidole vitatu."

Watoto wakatazamana. "Basi?"

"Basi."

"Leo Babu kaishiwa chumvi!" Spika akapiga mbiu, wenzake wakacheka. Mzee akaacha wacheke mpaka wakaishiwa. Kisha akawapa yote: stoo, mtaro, mchanga masikioni, ndoo. Kamba haikukatika, alisema, nilidanganya. Ndege hawakutua, nilidanganya. Kisa hakikuchukua hata nusu ya muda wake wa kawaida, na kwa mara ya kwanza aliwasimulia wanafunzi wale jambo ambalo hakuna aliyelipigia kelele za "uongo!"

"Na yule mtoto aliyepiga saluti?" akauliza msichana mmoja.

"Alikuwa anaitwa Kisoda. Ni mimi."

Nyuma ya mbao kitu kikagonga ukuta, kikatulia.

"Na yule Mlingoti alifanywa nini baadaye? Yuko wapi?"

"Yupo. Ana kazi zake, hana nafasi na nyinyi. Lakini alijikunja asionekane, na mpaka leo hajanyooka. Mimi nikakaa hapa miaka yote nikiwafundisha saluti, nikidhani nawachekesha. Sasa nimesikia iko hai. Inapigwa kila asubuhi. Mwalimu wake ni mimi, kwa hiyo sina wa kumshtaki. Ninawaomba tu."

Kengele ilikuwa bado. Hata hivyo watoto waliondoka mmoja mmoja, wengine wakasahau maranda yao. Spika alibaki, anaburuza kiatu kwenye vumbi la mbao. Bila wenzake, ile sauti ya mitaa miwili ilienea kwenye kiganja.

"Babu. Kisoda... waliacha kumwita Kisoda?"

"Waliacha."

"Kwa sababu ya saluti?"

Mzee alitamani kumdanganya. Uongo mmoja mzuri, wa kumfaa mtoto, ulikuwa tayari ulimini. Akauacha.

"Kwa sababu ya saluti. Ilifanya kazi, mjukuu wangu. Ndiyo ubaya wake. Wanakuita nani wewe, kabla ya Spika?"

Kijana akatazama mlangoni. "Nukta."

"Nukta," mzee akarudia. "Haya. Kesho wakikubingirisha, njoo ujifiche hapa. Nyuma ya mbao zile pana nafasi ya watu wawili."

Spika akageuka kuzitazama mbao, akaona viatu viwili vya shule vinachungulia chini yake. Akavitambua. Masikio yakamwiva. Akatoka mbio bila kuaga.

Mjukuu alipotoka mafichoni alikuwa na vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Mwanangu, kumbe ni wewe."

"Ni mimi, Mama."

"Usinisemeshe mpaka kesho."

Na hakusemeshwa. Ilikuwa siku ndefu kuliko zote karakanani. Mzee alipiga randa ubao mmoja hadi ukawa karatasi.

Kesho yake, alipofika, mlango ulikuwa umeshafunguliwa: mtoto alikuwa amemtangulia, amekaa kwenye gogo la mbele, lile lake la zamani, anatazama juu.

"Dawati langu limekuwa fupi," alisema. "Linanigonga magoti. Lirudishie miguu."

"Nitatafuta mbao nzuri, Mama."

"Nataka ule."

Mzee akafuata kidole chake mpaka kwenye mlingoti wa mti, wenye misumeno yake yote, uliokaa pale juu miaka thelathini. Ushahidi wake. Bila ule, nani angeamini hata nusu ya aliyoyasema maishani?

"Ule ni wa..."

"Mwanangu."

Akaleta ngazi. Mtoto hakuhitaji ngazi. Alishika ncha moja akiwa amesimama chini, mikono juu, na kwa kazi ile hakuna awezaye kujikunja. Waliushusha pamoja. Mti ulikuwa mgumu, mkavu, na ulipokatwa ulitoa harufu ambayo mzee aliijua mara moja: asubuhi, mstari, mchanga uliomwagiwa maji. Akasimama na msumeno, miwani ikapata ukungu. Mjukuu akamwacha kidogo, kisha akamuuliza kama amekunywa chai.

Vipande vinne, vidole vinne kila kimoja. Kila kimoja akakiongeza kidole cha tano, maana mtoto alikuwa bado anakua, na hilo, kwa kweli, ndilo jambo pekee aliloliongezea chumvi wiki hiyo. Viungo vilionekana, mti mweusi chini ya mti mweupe. Hakuvipaka rangi.

Gauni lilikuwa tayari Alhamisi. Mama alilivaa nyuma ya pazia la Bi Cherehani, akatoka akiwa amejikunja kama kawaida, na gauni likamkaa vibaya: kiuno kimeshuka makalioni, mabega yamejaa hewa.

"Bibi, limenizidi."

"Halijakuzidi. Nilikupima mara mbili. Kwanza ulivyosimama, halafu ulivyo. Nikashona kwa kipimo cha pili."

Mtoto akajitazama kwenye kioo. Akashusha mabega. Akanyanyua shingo, kidogo, tena kidogo, mpaka kiuno cha gauni kikapanda na kutua juu ya kiuno chake kama ufunguo uliopata kufuli yake. Kwenye kioo, nyuma yake, Bi Cherehani naye alishika ukingo wa meza na kujaribu, akafika alipofika, mfupa ukalia, akaguna na kurudi chini.

"Mimi basi," alisema. "Wewe usizoee."

Ijumaa asubuhi Chumvi hakufanya kazi. Alisimama mlangoni pa karakana, anatazama ng'ambo ya barabara. Nesi alikuja kusimama kando yake, ametoka zamu, viatu mkononi.

Gauni jipya lilipita langoni, juu ya vichwa vyote. Mstarini kijana mmoja wa nyuma akabana visigino. Wawili wakaanza kucheka. Spika alikuwa mbele. Mkono wake ulishaanza kupanda, kwa mazoea tu, umefika begani, umefika sikioni. Akaona gauni linamtazama. Mkono ukababaika pale juu, kisha ukajikuna kichwa, ukajikuna kwa bidii kama mwenye chawa, ukashuka. Yule wa nyuma akabaki peke yake na saluti yake, na saluti isiyo na kikosi huchosha mkono.

"Hawajaacha wote," nesi alisema.

"Hawajaacha."

"Hajajikunja lakini." Akavaa viatu, akavua, kama aliyesahau anatoka au anaingia. "Nitawaambia wale wa bweni wasiniwekee nafasi."

Saa nne watoto walivuka barabara. Wachache kuliko zamani, lakini walivuka, na gogo la mbele lilikuwa na mwenyewe. Walitazama juu, pale palipokuwa na mlingoti, wakaona pengo na misumari mitupu.

"Babu, leo kisa gani?"

Babu Chumvi akavua miwani, akaipuliza vumbi, akamtazama mjukuu wake kwa kuomba ruhusa. Mama akakubali kwa kichwa.

"Enzi zetu," alisema mzee, "tulikuwa na mwalimu wa hesabu aliyelala akiwa amefungua macho. Siku moja alilala wiki mbili, buibui akajenga kati ya pua yake na ubao..."

"Uongo!" wakapiga kelele wote.

"Haki ya mbao hizi!"